Vilima vya Gombe na visiki vilivyoachwa vichipue



Maswali mawili hunijia mara kwa mara kutoka vijiji vya kaskazini mwa mji wetu. La kwanza: "Tumetenga msitu wa kijiji, tumezuia mkaa, sasa faida yake iko wapi?" La pili huulizwa zaidi na vijana: "Tunasikia Tanga watu walifuga vipepeo wakauza Ulaya. Na sisi tunaweza?"

Maswali haya yana historia moja. Ukiijua, utaelewa kwa nini vilima vya jirani na Gombe vilibaki vipara, jinsi baadhi yake vilivyoanza kurudi, na kwa nini mtu asikope fedha leo kwa ajili ya vizimba vya vipepeo kabla hajajua soko na kibali viko wapi.

Vilima vilivyokuwa na msitu

Ukipanda boti Kigoma kuelekea kaskazini, mkono wa kulia unaona milima inayopanda moja kwa moja kutoka ziwani. Maji ya Ziwa Tanganyika yako mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya ukingo huo vinapita mita 1,500. Katika mwendo mfupi huo kuna misitu ya aina tofauti. Mabondeni, kando ya vijito, kuna msitu mbichi usiokauka mwaka mzima. Katikati ya mteremko kuna miombo. Juu kabisa kuna nyasi. Ndiyo maana eneo dogo hivi lina viumbe wengi: wale wa misitu ya Kongo na wale wa miombo ya Tabora na Katavi wanakutana hapa.

Ujiji ilikuwa mji wa biashara kabla Burton na Speke hawajafika mwaka 1858, na kabla Stanley hajamkuta Livingstone mwaka 1871. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo mji umekuwa ukikua, na mji ukikua hula kuni, mkaa, mbao na nguzo. Mawese yenyewe, zao letu la fahari, huchemshwa kwa kuni nyingi. Samaki wa kukaushwa kwa moshi nao wanataka kuni. Kwa miaka mingi mahitaji hayo hayakuonekana kuwa tatizo, kwa sababu watu walikuwa wachache na msitu ulikuwa mkubwa.

Mwaka 1943 utawala wa Waingereza ulitenga Gombe kuwa pori la akiba. Julai 1960 Jane Goodall alifika hapo kuchunguza sokwe. Mwaka 1968 pori likawa hifadhi ya taifa. Lakini hifadhi hiyo ni ndogo, takriban kilomita za mraba 50 tu. Sokwe, ndege na vipepeo hawakujua mpaka uko wapi. Wakati wa mwanzo haikuwa na shida, maana msitu ulivuka mpaka ukaendelea katika ardhi ya vijiji.

Jinsi vilivyobaki vipara

Wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba wanavijiji waliamka asubuhi wakaamua kuharibu. Haikuwa hivyo. Mambo kadhaa yalikutana.

Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Waliokuwa wametawanyika walijikuta pamoja, na ardhi ya karibu na makazi ililimwa mfululizo bila kupumzishwa. Penye ufinyu wa ardhi tambarare, jembe lilipanda mlimani. Muhogo na michikichi ikapandwa kwenye miteremko ambayo wazee wasingeigusa.

Kisha vita vya majirani. Wakimbizi kutoka Burundi walikuja mwaka 1972, wakaja tena kwa wingi mwaka 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye. Mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta wengine kuvuka ziwa. Mkoa wa Kigoma uliwapokea. Mtu aliyekimbia na mtoto mgongoni anahitaji kupika jioni hiyo hiyo, na mwenyeji wake pia. Mahitaji ya kuni na ya mashamba yakaongezeka kwa ghafla.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe. Ndani ya mpaka aliona kijani. Nje ya mpaka aliona vilima vitupu pande zote. Ameieleza safari hiyo mara nyingi, na somo alilolitoa ni kwamba sokwe hawataokolewa ikiwa watu wanaoishi jirani nao hawana njia ya kuishi.

Mkulima alikuwa ameona jambo hilo hilo kwa macho yake ya chini: mvua ikinyesha, udongo wa juu unashuka na maji hadi ziwani, kijito kinachafuka, na mwaka unaofuata shamba linatoa kidogo.

Kipepeo anaingiaje hapa?

Kipepeo wetu hajapata umaarufu wa sokwe, lakini vipepeo wa ukanda huu wameandikwa. Jan Kielland, mtu wa Norwei aliyefanya utafiti kwa miaka mingi magharibi mwa Tanzania, alichapisha mwaka 1978 orodha ya vipepeo wa upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1990 kikatoka kitabu chake kikubwa kuhusu vipepeo wa Tanzania nzima.

Mkulima anahitaji kujua jambo moja kuhusu kipepeo. Maisha yake yana hatua nne: yai, kiwavi, pupa, kisha kipepeo mwenye mabawa. Kipepeo mkubwa hunywa maji ya maua, na wengine hufuata matunda yaliyooza au hata kinyesi. Hachagui sana. Mwenye kuchagua ni kiwavi. Kila aina ina mimea yake michache, na kiwavi akianguliwa juu ya mmea usio wake, anakufa kwa njaa huku amezungukwa na majani.

Mifano unayo nyumbani. Kwenye mchungwa au mlimao utakuta kiwavi mdogo anayefanana na mavi ya ndege. Huyo atakuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Kwenye mtopetope mwitu hutaga kipepeo mwingine mwenye mabawa meupe na meusi. Ule mkora, ambao pwani huitwa mbambakofi na mafundi huupenda kwa samani, ni chakula cha viwavi wa kipepeo mwenye nguvu na rangi ya buluu. Miti ya miombo yenyewe, mitundu na jamaa zake, inalisha viwavi wa aina kadhaa.

Ukikata mkora wote kilimani, kipepeo wake ametoweka kilimani hapo, hata kama umeacha miti mingine mia. Ukipanda mikaratusi kilima kizima, kwa mbali utaona kijani, lakini kwa kiwavi wa mkora hapo ni jangwa.

Najua kuna mtu atasema: "Bwana shamba, viwavi si adui yetu?" Tuwatofautishe. Viwavijeshi vamizi waliothibitishwa kuingia Tanzania mwaka 2017 ni watoto wa nondo, na chakula chao kikubwa ni mahindi na nyasi za jamii hiyo. Kiwavi wa mkora hatashuka kuja kula mahindi yako. Zaidi ya hapo, kichaka cha asili jirani na shamba ni makazi ya nyigu, ndege na wadudu wengine wanaokula viwavi waharibifu, na ni makazi ya nyuki wanaochavusha mazao.

Mwaka 1994: swali lililoulizwa vijijini

Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi uliojulikana kama TACARE, wenye lengo la kurudisha misitu katika bonde la ziwa na kutoa elimu. Ulianza na vijiji 12 vinavyoizunguka Gombe, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya. George Strunden aliuanzisha, na Emmanuel Mtiti akauongoza kwa miaka mingi.

Watanzania waliotumwa vijijini hawakuanza kwa kuhubiri miti. Waliwauliza wananchi wanataka nini. Majibu yalikuwa chakula, afya, maji na shule za watoto. Hifadhi haikuwa juu ya orodha. Mradi ukaanza na yaliyotajwa, na miti ikaingia taratibu.

Vikaja vitalu vya miche, vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, ufadhili wa masomo kwa wasichana, majiko yanayotumia kuni kidogo, na mbinu za kushika udongo kwenye miteremko. Kule Kalinzi na milima ya jirani, wakulima wa kahawa walisaidiwa kuboresha ubora na kufikia wanunuzi wa Marekani waliokuwa tayari kulipia kahawa nzuri ya jirani na Gombe.

Miche iliyopandwa karibu na nyumba ilikuwa na kazi yake. Mijohoro, mikaratusi na mingine inayokua haraka hutoa nguzo na kuni, na mama aliye na kuni uani hapandi mlimani. Msitu wa asili haukujengwa na miche hiyo. Ilichofanya ni kuupa nafasi ya kupumua.

Visiki

Sehemu hii ndiyo ninayotaka usiisahau, maana haigharimu fedha nyingi.

Mti wa miombo ukikatwa haufi mara moja. Mizizi yake hubaki hai ardhini kwa miaka, hata pale panapolimwa, na kila mwaka hujaribu kuchipua. Jembe hukata chipukizi, mbuzi humalizia, na moto wa Agosti au Septemba huunguza kilichobaki. Ukiondoa vitu hivyo vitatu, chipukizi hupanda kwa kasi kuliko mche uliotoka kitaluni, kwa sababu tayari lina mizizi ya mti mkubwa. Katika miaka michache kilima kilichoonekana kimekufa kinaanza kuwa na kivuli.

Pia kisiki kinarudisha mti ule ule uliokuwepo. Mtundu unarudi kuwa mtundu, mkora unarudi kuwa mkora. Kwa hiyo chakula cha kiwavi kinarudi bila mtu kulijua jina la kipepeo hata mmoja. Kitalu kinachootesha aina tatu za miche hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Si Kigoma peke yake iliyogundua hili. Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili, desturi yao ya kufunga maeneo ya malisho yapumzike. Miaka ya 2000 ilipoanza kusogea, maeneo yaliyorudi yalikuwa zaidi ya hekta 300,000. Dodoma nako wakulima wanatunza machipukizi shambani kwa jina la "Kisiki Hai".

Lakini kisiki cha kilimani ni cha nani? Kama ni cha kila mtu, atakayetangulia na panga ndiye mwenye nacho. Hapo ndipo sheria iliposaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi, kuuwekea mpango na sheria ndogo. Vijiji vya jirani na Gombe vilikaa, vikachora mipango ya matumizi ya ardhi, vikatenga sehemu za kulima, za makazi na za msitu. Picha za setilaiti ziliwekwa mezani, na wananchi wenyewe wakaonyesha kwa kidole: hapa ni chanzo cha maji, hapa ni mahali pa matambiko, hapa palikuwa msitu enzi za babu.

Baadaye vijiji vilichagua wafuatiliaji wa misitu kutoka miongoni mwao. Walipewa simu za kisasa za kurekodi walichokiona: kisiki kipya, mtego, tanuri la mkaa, kiota cha sokwe. Kijiji kikapata kumbukumbu yake badala ya kusubiri mgeni aje kuhesabu.

Je, tufuge vipepeo?

Sasa swali la vijana. Habari mnazosikia ni za kweli.

Mwaka 1993, huko Gede karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ulianzishwa mradi uitwao Kipepeo. Wakati huo wakazi wengi waliona msitu kama ardhi waliyonyimwa, na walitamani ugawiwe wakalime. Mradi uliwafundisha kukamata vipepeo wachache wa kuzalisha, kulisha viwavi majani yanayofaa, na kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Kwa mara ya kwanza, familia isiyo na kazi msituni ilikuwa na sababu ya kutaka msitu ubaki.

Tanzania ilifuata. Kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, Shirika la Uhifadhi wa Misitu ya Asili Tanzania lilianzisha mradi wa vipepeo wa Amani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wafugaji, wengi wao wanawake, walipanda mimea ya kulishia viwavi mashambani mwao, na sehemu ya mapato ikaingia kwenye maendeleo ya vijiji. Ulikuwa mradi mzuri.

Machi 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Kilichozua hasira kilikuwa biashara ya wanyama wakubwa, tumbili wakiwemo. Lakini kipepeo naye ni mnyamapori kisheria, akaingia katika katazo hilo hilo. Katazo lilitangazwa kuwa la miaka mitatu, likaendelea baada ya hapo. Wafugaji wa Amani walibaki na vizimba, mimea na ujuzi, bila mahali pa kupeleka pupa. Pupa haiwekwi ghalani kama mahindi. Baada ya siku chache inapasuka na kipepeo anaruka.

Ninachojifunza hapo ni hiki: biashara yenye mnunuzi mmoja wa mbali na kibali kimoja inaweza kusimama siku moja bila wewe kufanya kosa. Zanzibar, jirani na Jozani, wapo wanaouza pupa kwa kituo ambacho watalii hutembelea hapo hapo kisiwani, na mzigo haupandi ndege. Gombe ina watalii. Siku moja jambo kama hilo linaweza kufanyika Kigoma. Lakini kabla ya kununua hata mita moja ya chandarua, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya uulize kibali gani kinahitajika na kama kinatolewa sasa. Asiyekuwa na jibu la maandishi asikope.

Kinachoweza kupotea sasa

Jane Goodall alifariki Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91. Miradi nayo ina mwanzo na mwisho. Msitu wa kijiji hauna mlinzi wa kudumu zaidi ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano uliopitisha sheria ndogo unaweza kuziacha zife kimya kimya.

Gunia la mkaa lina mnunuzi leo hii sokoni Mwanga. Maji ya kijito, udongo uliobaki shambani na uyoga wa masika havina mnunuzi anayepiga honi barabarani, ingawa ukivikosa utavilipia. Ndiyo maana msitu mchanga huhujumiwa zaidi pale tu unapoanza kufaa: chipukizi la miaka kumi ni mkaa mzuri. Kijiji kikilegea mwaka huo, kazi ya miaka kumi inaisha kwa msimu mmoja wa kiangazi.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Uliza ofisi ya kijiji ikuonyeshe ramani ya matumizi ya ardhi na sheria ndogo za msitu. Kama muda wa mpango umekwisha, peleka hoja kwenye mkutano mkuu ujao.

2. Shambani mwako, using'oe visiki vyote. Acha vichache kila ekari, hasa kwenye mpaka na mteremko. Kila kisiki chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, punguza mengine. Yaliyopunguzwa ni kuni.

3. Safisha kinga moto kuzunguka msitu mapema. Kama lazima kuchoma, choma kwa ruhusa na usimamizi wa kijiji mara tu masika yanapoisha, nyasi zikiwa bado na unyevu. Moto wa Septemba unaua.

4. Panda miti ya kuni na nguzo karibu na nyumba, usiipande juu ya kilima cha asili.

5. Mchemshaji wa mawese na mkaushaji wa samaki, jenga jiko lililozibwa vizuri. Hesabu mizigo ya kuni kabla na baada, utaona mwenyewe.

6. Weka mizinga. Asali haiozi, mnunuzi yuko hapa hapa, na nyuki hataki kilima kitupu.

7. Ukiona mkora au mti mwingine wa asili uliobaki peke yake, uache utoe mbegu. Huenda ndio mti wa mwisho wa kipepeo fulani katika kijiji chako, na ndio mama wa miti yote ya aina yake itakayofuata.

Mwenye swali kuhusu kisiki, moto au mizinga, aniandikie au afike ofisini siku za kazi. Anayetaka kuanza kupunguza machipukizi asubiri mvua zikaribie, lakini kuchagua visiki vya kuacha kunaweza kuanza wiki hii, kabla ya kutayarisha shamba.